Mashua Daisy katika Mto Kingani

Katika milima ya Uluguru, ambayo vilele vyake vyapita mita 2,600 juu ya usawa wa bahari, maji hayakai kitako. Maji ya Mzinga hushuka upande wa Morogoro, na leo huingia katika bwawa la Mindu pamoja na maji ya Ngerengere. Ngerengere nao hupita Morogoro, hushika njia ya mashariki, na hatimaye huungana na Ruvu; na Ruvu, uliokwisha kusanya mito mingine ya milimani, huenda ukajimwaga baharini karibu na Bagamoyo. Wasafiri wa karne ya 19 waliuita mto huo, katika sehemu yake ya chini, Kingani. Mtu akiitazama ramani ataona mstari mmoja utokao Bahari ya Hindi hata shinani mwa Uluguru. Na kwa kuwa mstari wa ramani hauna mchanga, wala magogo, wala viboko, ni rahisi kuudhania kuwa ni njia.

Dhana hiyo ndiyo iliyoleta mashua ya moshi iliyoitwa Daisy katika mwaka 1876. Habari zake ni fupi, na mara nyingi hutajwa kwa sentensi moja tu katika historia ya misheni za Uganda. Walakini zastahili kuangaliwa zenyewe, kwa sababu zaonyesha jinsi watu wawezavyo kuuona mto mmoja kwa macho mbalimbali.

Wakati ule mizigo iliyotoka Bagamoyo kwenda Unyamwezi na maziwa makuu ilichukuliwa na wapagazi, kila mtu na mzigo wake wa ratili zipatazo 70, begani au kichwani. Mwezi wa Machi 1871 Henry Morton Stanley alipita njia hiyo akimtafuta Livingstone. Alipofika Kingani alimkuta mvushaji, ambaye katika kitabu chake amwita Kingwere, naye akaja na mtumbwi mkubwa wa gogo akaivusha mizigo kwa ustadi katika maji yenye kizingia. Baadaye msafara ulivuka Ngerengere, ukapita Simbamwenni, mji wenye boma la mawe uliojengwa na Kisabengo chini ya milima ya Uluguru, na ambao wakati huo ulitawaliwa na binti yake. Mvua za masika zilikuwa zimekwisha kuanza, na mbele yao bonde la Mkata liligeuka kuwa tope na maji.

Jambo hili ni la kutiwa moyoni. Watu wa Kingani walikuwa na vyombo, tena walivijua sana. Lakini vyombo vyao vilikuwa vya kuvuka. Mtumbwi ulitoka ukingo huu ukaenda ukingo ule, kisha njia ikaendelea kwa miguu. Hawakuufuata mto kwa mizigo ya safari ndefu, wala hawakufanya hivyo kwa uvivu au kwa kukosa akili. Aliyevusha watu mwaka hata mwaka, katika masika na katika kiangazi, alijua mto wake waweza nini na hauwezi nini. Wageni waliokuja nyuma yao walitaka vyombo vya kufuata.

Stanley mwenyewe, katika kitabu alichokitoa mwaka 1872, alieleza ya kuwa mto Wami, ambao hutoka bara na kuingia baharini kaskazini ya Kingani, waweza kupitika kwa meli za moshi zisizozama sana majini, maili zipatazo 200 kutoka bandari ya Winde hata Usagara. Hakuwa ameupanda mto huo kwa meli kutoka baharini. Alikuwa ameuona barani tu, na kwa mtu aliyechoshwa na tope la Mkata fikira ya kukaa kitako ndani ya chombo na kuiona nchi ikipita ilikuwa tamu.

Fikira hiyo ilikuwa na asili yake katika nchi walikotoka wasomaji wake. Huko Uingereza, tangu mfereji wa Bridgewater ulipofunguliwa mwaka 1761 kwa kuchukua makaa ya mawe hata Manchester, watu walikuwa wamezoea kuyaona maji ya bara kuwa ni barabara. Mifereji ilichimbwa kwa sururu na majembe. Palipokuwa na mwinuko palijengwa malango ya maji, chombo kikaingia, lango likafungwa, maji yakajazwa au yakapunguzwa, na chombo kikapanda au kikashuka kama mtu katika ngazi. Hata mto Thames ulikuwa umefungwa kwa malango ya namna hiyo. Juu ya mto huo, huko Teddington, James Messenger aliunda mashua Lady Alice ambayo Stanley aliileta Afrika mwaka 1874. Kwa hiyo mtu wa huko aliposema “mto”, aghalabu alikuwa akifikiri juu ya kitu kilichokwisha kutengenezwa kwa mikono ya watu. Alisahau wachimbaji, akakumbuka maji.

Mwezi wa Novemba 1875 barua ya Stanley ilitokea katika gazeti la Daily Telegraph, ikiwaita wamisionari waende kwa Kabaka Mutesa wa Buganda. Church Missionary Society ikaitikia, na mwaka uliofuata kikosi chake kikafika Unguja. Kati yao walikuwa Luteni Shergold Smith, aliyewahi kuwa baharia wa serikali, na Alexander Mackay, fundi wa mitambo kutoka Scotland, kijana wa miaka 26. Mackay aliagiza boila ya mashua iundwe kwa vipande vya mviringo, ili kila kipande kiwe mzigo wa kuchukulika. Walikuwa na mashua Daisy, na kazi yake ya kwanza ilikuwa kupima mito ya pwani: kama maji yataweza kuchukua mizigo, mabega ya watu yatapumzika na fedha za misheni zitaokolewa.

Mwezi wa Juni 1876 waliingia Wami, na baadaye Kingani. Majibu ya mito yote miwili yalikuwa mamoja. Mito ile ilipinda na kupindua hata safari ya siku nzima haikumsogeza mtu bara ila kidogo. Asiyejua hali ya nchi atastaajabu, lakini sababu yake si ngumu. Mto utokao milimani kwa kasi, ukifika katika tambarare ya pwani, hupoteza mteremko wake. Udongo uliouchukua huko juu huutua njiani, na maji hutafuta pa kupita kwa kuzunguka. Leo hula ukingo mmoja, kesho hujenga fungu la mchanga penye ukingo wa pili. Wakati wa masika hufurika hata mkondo usijulikane. Wakati wa kiangazi hupungua hata mkuku wa mashua ukaguse mchanga. Mashua ya moshi nayo ina tumbo lisiloshiba: yahitaji kuni, na kuni zahitaji watu wa kushuka ukingoni na kukata. Kwa hesabu ya fundi kama Mackay, njia iliyonyoka ya miguu ilikuwa fupi kuliko njia ya maji.

Hapo ndipo penye kinaya kikubwa cha hadithi hii. Mashua iliyoletwa ili iwapunguzie wapagazi mizigo iligeuka yenyewe kuwa mzigo wa wapagazi. Daisy ilifunguliwa vipande vipande, mbao na mataruma na vyuma vikagawanywa, na watu wakaichukua kutoka pwani hata ukingo wa kusini wa ziwa Viktoria. Mwaka 1877 iliungwa tena, na katika mwaka huo huo Smith na mwenziwe C. T. Wilson waliabiri wakafika Buganda. Kabla mwaka haujaisha, Smith aliuawa Ukerewe pamoja na mwenziwe O’Neill. Jina la mashua latajwa katika kila kitabu kisimuliacho mambo hayo. Majina ya watu walioifikisha ziwani ni shida kuyaona. Lakini ukweli wa mambo ni kwamba kati ya bahari na ziwa Daisy haikuwa chombo cha watu. Watu walikuwa chombo cha Daisy.

Mackay, aliyekuwa amerudishwa pwani kwa ugonjwa, hakukata tamaa. Mwaka 1877, akiwa ameona kwamba mto haukubali, aliwaongoza vibarua wakafyeka njia kutoka Saadani hata Mpwapwa, akitumaini kuwa magari ya ng’ombe yatafanya kazi iliyoshindwa na mashua. Njia ikapatikana, lakini mbung’o waliwaua ng’ombe, na mzigo ukarudi begani mara nyingine.

Mwaka 1878 alifika Kagei, karibu na Mwanza, akaikuta Daisy pwani ya ziwa imekwisha kuwa kuukuu kabla ya umri wake, mbao zimeharibika. Akaitengeneza, akatweka na Wilson kwenda Buganda. Dhoruba ikawapata, mashua ikapigwa ukingoni magharibi ya ziwa na kuvunjika. Ndipo fundi alipofanya jambo ambalo labda ni la busara kuliko yote katika habari hizi. Aliikata sehemu ya katikati, akatumia mbao zake kuziba omo na tezi, akaziunga ncha mbili pamoja, kama mshona viatu akatavyo kiatu kimoja ili kuponya cha pili. Baada ya kazi ya majuma kadhaa Daisy ilirudi majini, fupi kuliko ilivyozaliwa, ikawafikisha Buganda mwezi wa Novemba. Katika maji yake ya haki, yaani ziwa pana lisilo na mapindi, hata chombo kilichokatwa kilifaa. Katika Kingani hata chombo kizima hakikufaa. Mackay alifariki Usambiro, kusini ya ziwa, mwezi wa Februari 1890, naye hata wakati huo alikuwa akiunda mashua nyingine ya moshi.

Yafaa kulinganisha mwisho wa vyombo hivyo na yaliyotokea Uingereza. Huko reli ziliinyang’anya mifereji kazi yake, na mingi ikaachwa kujaa matope. Lakini njia ya maji, ikiisha kuchimbwa, haifi upesi. Mwaka 1939 L. T. C. Rolt aliondoka na mkewe katika Cressy, mashua kuukuu ya mbao iliyotiwa injini ya gari la Ford, wakatembea mifereji kwa starehe. Kitabu chake cha mwaka 1944 kiliwaamsha watu, na mwaka 1946 chama cha kuilinda mifereji kikaundwa. Tangu hapo maelfu ya watu wamefanya mapumziko yao katika vyombo vidogo vikuukuu, wakifungua kwa mikono yao malango yaliyojengwa kwa ajili ya makaa ya mawe. Starehe hiyo ni urithi wa jasho la wachimbaji.

Katika nchi ya Ruvu reli pia ilikuja. Ilianza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905, ikavuka Ruvu, ikafika Morogoro mwaka 1907 na Kigoma mwaka 1914. Reli hiyo haikuacha nyuma yake mfereji wa kutembelewa, kwa sababu haukuwapo. Hapakuwa na mtu aliyeufunga Kingani kwa malango, na hapana mtu awezaye leo kukodi mashua Bagamoyo akafika nayo Mzinga.

Je, mto ulishindwa? Ndivyo ilivyoandikwa na waliokuja na kipimo cha mkuku. Lakini maji yale yale ya Uluguru hukusanywa Mindu kwa mji wa Morogoro, na huchotwa katika Ruvu kwa mitambo ipelekayo maji Dar es Salaam, mji wa mamilioni ya watu. Siku hizi neno la kuuliza juu ya Ruvu si kama una kina cha kuchukua chombo, bali kama msitu wa milimani na mashamba ya mabondeni vitauachia maji ya kutosha wakati wa kiangazi. Swali hili nalo lina watu wake walijualo zamani, wakaao kando ya vijito na kuona mwaka hata mwaka jinsi vinavyojaa na kupungua, kama Kingwere alivyokuwa kwenye kivuko chake. Wahenga walisema, mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Mackay alijua haya baada ya safari mbili za mashua. Ingalitosha kumwuliza mvushaji.