Mbwa Mwenye Pembe

Katika masimulizi ya asili ya Wameru, watu walikuwa wakikaa Mbwaa, nchi ya kando ya maji makuu, chini ya mabwana walioitwa Nguo Ntune, yaani wenye nguo nyekundu. Mabwana hao walikuwa na tabia ya kuagiza mambo yasiyofanyika. Siku moja wakataka makubazi ya ngozi yenye manyoya juu na chini. Wazee wakakaa wakamtazama ng'ombe, wakaona ile ngozi inayoning'inia chini ya koo lake imejikunja yenyewe na manyoya yako pande zote mbili, wakaikata, wakashona. Wakaambiwa wakitoe kitu kilichotumbukizwa ndani ya shimo refu. Wakalimiminia shimo maji mpaka kikaelea juu. Wakadaiwa mbwa mwenye pembe. Wakamwinda mnyama mdogo wa porini, wa jamii ya paa, wakazing'oa pembe zake na kuzigandisha kichwani mwa mbwa, na mbwa akapelekwa kwa mabwana akiwa na pembe zake. Kisha likaja agizo la mwisho: mkuki mrefu wa kufika mbinguni. Hapo ujanja ukaisha. Watu wakafuata uongozi wa mtu anayekumbukwa kwa jina la Koomenjoe, wakatoroka, maji yakagawanyika mbele yao, wakavuka.

Aliyesoma ngano za mataifa mengine atasema kazi hizi amewahi kukutana nazo, na hatakuwa amekosea. Mfalme anayemwagiza maskini asokote kamba ya mchanga, au msichana wa mkulima aje barazani akiwa hakuvaa nguo wala hayuko uchi, ni mtu wa siku nyingi katika hadithi za Ulaya na Asia. Mwaka 1910 Antti Aarne wa Finland alizipanga ngano nzima nzima kwa aina zake. Mwaka 1928 Vladimir Propp akadai kwamba ngano za ajabu za Urusi zimejengwa kwa matendo 31 tu, yanayofuatana kwa utaratibu ule ule. Stith Thompson wa Chuo Kikuu cha Indiana alipoanza kutoa fahirisi yake kubwa ya motifu mwaka 1932, kazi zisizowezekana alizipa nambari yao, H1010, na maji yanayojigawa akayapa D1551. Afrika Mashariki ilichelewa kuingia katika madaftari hayo. Katika miaka ya 1960 ndipo Ojo Arewa alipoainisha ngano za wafugaji wa upande huu, na Winifred Lambrecht akafanya vivyo hivyo kwa Afrika ya Kati. Kwa hiyo mbwa wa Mbwaa anaweza kupewa nambari leo. Swali ni kama nambari hiyo inatufaa kwa lolote tukitaka kuijua historia ya Meru na Embu, na jibu langu ni kwamba inafaa sana, ila faida yake haiko pale wapenda fahirisi wanapoitafuta. Motifu ikishapata jina, tunaweza kuona ni wapi msimuliaji ameiacha njia yake, na hapo alipoacha njia ndipo watu wake walipoweka neno lao.

Tuitazame H1010 kwa makini. Katika ngano za namna hii, kazi zote hufanyika. Msichana mwerevu huja amejifunga wavu wa kuvulia samaki. Kijana aliyemficha baba yake mzee hupata kutoka kwake jibu la kila fumbo. Mfalme hushindwa, hucheka, humwoza au humpa mtu cheo. Akili huondoa dhuluma. Msimuliaji wa Kimeru anaifuata njia hiyo hatua kwa hatua mpaka karibu na mwisho, tena kwa raha, kwa maana makubazi na mbwa ni mambo ya kuchekesha, halafu anaikata. Werevu wa wazee hauwapi chochote. Kila jibu sahihi linazaa agizo zito zaidi, kwa kuwa mabwana hawakuwa wakitafuta makubazi wala mbwa. Walikuwa wakitafuta sababu. Kwa asiyejua kanuni, mkuki wa kufika mbinguni ni agizo la nne tu katika orodha. Kwa anayeijua, ni mahali ambapo hadithi inakanusha ahadi iliyokuwa ikiitoa tangu mwanzo, kwamba mtumwa akiwa na akili za kutosha atakuja kuheshimiwa na bwana wake. Sijui maelezo mafupi kuliko haya juu ya utawala wa mtu asiyetaka kuridhishwa.

Jina la kwanza ambalo hadithi hii ilipewa na wageni halikuwa nambari. Waingereza waliingia Embu kwa silaha mwaka 1906 na kuanza kutawala Meru muda mfupi baadaye, na nyuma yao wakaja wamisionari: Waanglikana Kigari, Wamethodisti Kaaga, mapadri wa Consolata, na mwaka 1922 daktari Archibald Irvine wa Kanisa la Scotland huko Chogoria. Watu waliolelewa na Biblia waliposikia habari ya utumwa, kiongozi mwenye maono na maji yaliyogawanyika, hawakuhitaji kufikiri. Wakaiita Kutoka. Bernardo Bernardi, padri wa Consolata aliyeandika kitabu juu ya Mugwe, kiongozi wa kidini wa Wameru, mwaka 1959, aliona ulinganifu huo, na tangu hapo hakujakosekana mtu wa kuwatafutia Wameru asili ya Misri au ya Kiyahudi. Jina liliamua njia ya uchunguzi. Ukishasema ni Kutoka, bahari huwa Bahari ya Shamu na Nguo Ntune huwa Farao, na kilichobaki ni kuchora ramani ya kuunganisha Mto Nile na Mlima Kenya.

Mwenye kupinga atasema: basi labda ni Kutoka kweli, yaani hadithi iliyookotwa kanisani na kuvishwa majina ya kienyeji. Hoja hii haiwezi kupuuzwa. Wazee waliohojiwa katikati ya karne ya 20 walikuwa wameishi na mahubiri kwa miaka mingi, na mtu husimulia ya babu yake kwa maneno aliyoyasikia jana. Farao naye ana agizo lake lisilofanyika, la matofali bila majani makavu. Hata hivyo, katika Biblia anayejaribiwa kwa mapigo mfululizo ni Farao, na kila pigo linaonyesha uwezo wa Mungu. Huko Mbwaa wanaojaribiwa ni wanyonge, na kinachoonyeshwa kila mara ni ujanja wa mafundi wa ngozi na wawindaji. Uzito mkubwa zaidi uko katika koo. Wameru wamegawanyika katika makundi ya koo nyeusi, nyekundu na nyeupe, Njiru, Ntune na Njeru, na inasemwa kwamba majina hayo yametokana na saa ya kuvuka: waliovuka usiku wakawa weusi, waliovuka alfajiri wakawa wekundu, waliovuka jua likiwaka wakawa weupe. Mahubiri yanaweza kumpa mtu kisa kipya. Ni shida kuamini kwamba yaliweza kupanga upya koo za Igembe, Tigania na Imenti katika miaka michache na bila mzee hata mmoja kukumbuka kwamba zamani mambo yalikuwa vingine. Inawezekana Biblia imeyapaka rangi maji yaliyogawanyika. Mifupa ya hadithi si yake.

Embu ilipatwa na mkasa kama huo, ingawa kwa kelele kidogo. Masimulizi ya huko yanasema Mwene Ndega alipewa mke mzuri, Ciurunji, karibu na maporomoko ya Mbui Njeru, si mbali na Runyenjes, na kutoka kwao wakapatikana Waembu. Wengi huishia kusema kwamba hawa ni Adamu na Hawa wa Embu, kitabu kikafungwa. Tukitumia jina pana zaidi, hadithi ya wazazi wa kwanza, tunaona mara moja kwamba aina hii ina tatizo ambalo kila msimuliaji lazima alitatue: watoto wa watu wawili wataoa nani? Mwanzo unalipita swali hili kimya kimya. Wagikuyu, kwa jinsi Jomo Kenyatta alivyolichapisha simulizi lao mwaka 1938 katika Facing Mount Kenya, wanalijibu kwa heshima: mabinti wa Gikuyu na Mumbi wanaletewa vijana wageni chini ya mkuyu, na hakuna anayeona haya. Embu wanalitazama usoni. Wanasimulia kwamba mwana, Kembu, na binti, Werimba, walipendana, wakaondoka nyumbani kwa sababu hiyo, na kizazi chao ndicho kilichobeba jina la Embu. Milima ile ile, mvua ile ile, lugha zinazosikilizana, na kanuni moja ya usimulizi. Jirani mmoja anaificha aibu na mwingine anaijengea jina lake. Atakayetosheka na Adamu na Hawa ataikosa tofauti hii, ambayo nadhani ina mengi ya kutuambia kuhusu jinsi watu wa Embu walivyouelewa uhusiano wao na jamaa waliowaacha.

Kuna pia wanaoona kwamba kazi hii ya majina inaiua hadithi. Wana ushahidi wao, na ushahidi wenyewe uko darasani. Mwaka 1968 Ngugi wa Thiong'o, Taban lo Liyong na Henry Owuor-Anyumba walidai katika Chuo Kikuu Kishiriki cha Nairobi kwamba fasihi simulizi iwe kiini cha masomo. Mkutano wa walimu wa mwaka 1974 ukaisukuma hoja hiyo kuelekea shule za sekondari, na mfumo wa 8-4-4 ulioanza mwaka 1985 ukaifanya kuwa jambo la kila mwanafunzi. Tangu hapo kijana wa Maua au Siakago anajua kutaja hurafa, visasili, mighani, hekaya, ngano za usuli, za mazimwi na za mtanziko. Anajua kwa sababu ataulizwa. Akisomewa kisa cha fisi aliyetegwa na sungura, anaandika "hekaya", anapata alama zake na kuendelea na swali la pili. Hapo mlalamikaji ana haki: jina limekuwa kifuniko. Lakini mtihani ndio uliokosea, kwa kuuliza kisa hiki ni cha aina gani na kuishia hapo, badala ya kuuliza kinaivunja wapi aina yake. Zimwi, kwa mfano, analijua Mswahili, Mwembu analiita irimu, na Mkamba eimu. Neno ni moja, limetoka mbali pamoja na wasemaji wa lugha hizi. Kuandika "ngano ya zimwi" ni kuanza kusoma, kwa kuwa sasa ndipo inapofaa kuuliza kwa nini zimwi la hapa linataka kuoa na la kule linataka kula tu.

Waandishi wenyewe wanaelewa jambo hili kuliko watahini. Kithaka wa Mberia, mzaliwa wa Tharaka, alitoa tamthilia ya Kifo Kisimani mwaka 2001, na kwa miaka kadhaa ikawa kitabu cha kutahiniwa. Mwelusi anaupinga utawala wa Mtemi Bokono wa Butangi. Ndugu yake Gege anaahidiwa binti wa mtawala. Mwelusi anauawa kisimani. Mtu wa pwani hahitaji kuambiwa hii ni nini. Ni Fumo Liongo, shujaa asiyeuawa ila kwa sindano ya shaba kitovuni, aliyesalitiwa na mwanawe kwa ahadi ya kuozwa binti wa sultani, kisa ambacho Edward Steere alikuwa amekichapisha tangu mwaka 1870. Thompson angekiweka karibu na Achilles, penye mashujaa wenye mahali pamoja tu pa kufia. Mtazamaji akishamtambua Liongo anajua atakayekufa na atakayemuua, hana cha kusubiri upande huo. Ndipo macho yake yanapokuwa huru kuona kilichobadilishwa. Liongo anakufa, mji unaomboleza, hadithi inakwisha. Butangi haiishii kwenye maombolezo: watu wanainuka na Bokono anaanguka. Mwandishi aliikopa kanuni ili apate mahali pa kuivunjia.

Imebaki hoja ya wanahistoria, na kwangu ndiyo nzito. Jeffrey Fadiman, aliyewahoji wazee wa Meru mwishoni mwa miaka ya 1960 na mwanzoni mwa 1970, aliichukua Mbwaa kama mahali halisi, akaitafuta kwenye visiwa vya Lamu na kuiweka Manda. Utoro wenyewe akaukadiria kuwa wa karibu mwaka 1700. Sasa, ikiwa makubazi, mbwa na mkuki ni motifu zinazozunguka dunia, je, si ushahidi kwamba Mbwaa ni hekaya tu? Hapana, kwa sababu watu wanaopitisha kumbukumbu bila maandishi huipakia katika vyombo vilivyopo. Kanuni ni kikapu, na kikapu kilichosukwa kwa mtindo wa kila mahali bado kinaweza kubeba viazi vya shamba moja. Uangalifu unaotakiwa kwa mwanahistoria ni kutokichukua kikapu kuwa ndicho viazi: mbwa mwenye pembe asitafutwe Manda, ila utumwa chini ya watu wenye nguo za kigeni, kando ya maji yanayopwa na kujaa, katika pwani iliyouza watu kwa karne nyingi, unaweza kutafutwa. Na ikiwa Fadiman hakukosea kisiwa, basi mwana wa Tharaka aliyekwenda kumchukua Liongo katika pwani ya Lamu na Pate na kumpandisha bara, hadi chini ya mlima, alikuwa akipita njia iliyokwisha kupitwa na mbwa yule.