Kushikwa na Wivu Pwani ya Rumonge

Wapo wanaosema kwamba Kiswahili kilifika Rumonge na Kizuka, huko Burundi kando ya Ziwa Tanganyika, kwa ajili ya chumvi na pembe za ndovu, kisha kikabaki lugha ya bei. Mwanzo wake ni huo kweli. Wapelelezi Waingereza Burton na Speke walipoingia Ujiji, bandari ya ziwa hilo, Februari 1858 waliwakuta wafanyabiashara wa pwani ya Bahari ya Hindi wameshatangulia, na wao wenyewe wakapanda kaskazini kwa mitumbwi, wakiambaa ufuko wa Urundi kabla ya kuvuka kwenda Uvira. Lakini wageni wa biashara walioa, wakajenga, wakazaa, na lugha yao ikaingia uani. Uani ndiko mume anakosubiriwa usiku na mke mwenza anakopata kitenge kipya. Hapo lugha ya bei haitoshi. Linatakiwa neno la kile kinachomzukia mtu kifuani ghafla.

Ushahidi wangu ni namna wivu unavyosemwa. Mtu husema ameshikwa na wivu, au wivu umempanda: wivu ndio unaotenda, naye anatendwa, kama anavyoshikwa na homa. Wahispania nao husema me dan celos, yaani wivu wanapewa, na neno lao hilo huja kwa wingi. Msemo wa namna hii humhurumia anayehisi kabla hajatenda lolote. Husuda haipati huruma hiyo. Wivu hulinda kilicho changu, husuda humtakia mwenzangu apoteze chake. Kirundi kilikuwa na mpaka wake karibu na huo, ifuhe ya wapendanao na ishari ya kumwonea mwingine, na naamini ndiyo sababu maneno ya Kiswahili yalikaa vizuri vinywani mwa watu wa ziwa.

Mtu atanijibu kwamba siku hizi neno wivu hubeba yote mawili. Ni kweli, sokoni hubeba. Ila tazama kanga, ambazo tangu mwanzoni mwa karne ya 20 zimekuwa zikisema kwa niaba ya wanawake yale wasiyotaka kuyatamka: “Hasidi hana sababu” haimlengi mke anayeumia kwa ajili ya mumewe, na hakuna anayeivaa akidhani hivyo. Atasema pia kwamba hisia ni moja duniani kote. Huenda ni moja. Lakini neno alilochaguliwa mtu ndilo huamua kama majirani watakwenda kumpoza au watamkwepa.

Historia ya Rumonge imeandikwa zaidi kwa misafara, vita na mawese. Wanaoikusanya leo wakae na wanawake wazee wa Kizuka, wawaulize walivyoutaja wivu katika ndoa zao, na wayaandike maneno hayo kama yalivyosemwa.