Kutoka kantini ya kampuni hadi kabini ya simu: nani anaandika jina lako?

Mutu anayekwenda kutosha makuta ya simu huko Kenya, Katuba ao Ruashi hamalizi kazi yake kimya-kimya. Anataja namba ya simu, anataja jumla ya makuta, anataja jina, na mara nyingine anatoa karte ya uchaguzi, na hayo yote watu watatu ao wane wa nyuma katika mustari wanayasikia. Kijana wa kabini anaandika katika kaye yake. Siku hizi wateja wengi wanamuuliza: hiyo unamuandikia nani? Katika magazini kubwa za katikati ya muji, mutu wa kese anayeomba namba ya simu kabla ya kutoa fakitire anapata swali lilelile, na mara nyingi kwa sauti ya hasira.

Kwa wafanyakazi wa kese ni swali la kuchosha. Wengi wao ni vijana, hawakuweka kanuni hizo wao wenyewe, na makuta yakikosekana jioni ni wao wanaolipa. Lakini woga wa wateja haukuanza na simu. Katika muji huu, dirisha la kupokelea vitu lilikuwa tangu zamani pia dirisha la kuhesabia watu.

Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka wa 1906. Reli ilifika kutoka kusini mwaka wa 1910, ndipo muji ukaanzishwa kwa jina la Élisabethville, na mwaka wa 1911 tanuru ya Lubumbashi ikatoa shaba yake ya kwanza. Wanaume walioletwa kwa kazi hiyo waliingia kila mumoja na namba yake. Nje ya kambi ya kampuni kulikuwa buku, kile kitabu kidogo ambamo mutawala na bwana wa kazi waliandika jina, kijiji cha asili, siku ya kuingia kazini na siku ya kutoka. Mutu mweusi aliyetaka kuhama kutoka kwao aliombwa ruhusa iliyoandikwa. Usiku, kisha saa tatu, hakuruhusiwa kutembea katika muji wa wazungu pasipo karatasi. Wazee waliona haya wakiwa watoto, na wengine wangali wanaeleza jinsi baba zao walivyolala na buku chini ya kichwa.

Mwisho wa miaka ya 1920 kampuni ilibadili siasa yake. Kuleta watu wapya kila mara kulikuwa na bei kubwa, na wengi walikufa ao walikimbia. Basi ikaanza kutoa mikataba ya miaka mitatu na kuwaacha wafanyakazi waje na wake zao. Hapo ndipo kantini ilipata nguvu yake. Posho haikutolewa kwa mwanaume peke yake. Muke alikuwa na sehemu yake, na kila mutoto sehemu yake kufuatana na umri: bunga ya mahindi, nyama ao samaki, mafuta ya ngazi, chumvi, karanga, maharagi. Ili kutoa posho kwa haki, karani alihitaji kujua nyumba. Alijua nani ameoa, nani amezaa, mutoto wa nani amekufa. Mimba ilijulikana kwa kampuni, na mutoto akizaliwa alipimwa kwa kilo hospitalini pao kabla jamaa ya kijijini haijapata habari.

Mambo mengine yalionekana pale dirishani kwa kukosekana kwake. Kampuni ilitambua muke mumoja tu. Wa pili, hata kama alilipiwa mahari na wazee wa pande zote mbili, hakuwa na mustari katika kitabu, na watoto wake hawakuwa na kipimo. Mwanaume mwenye nyumba mbili alijua kwamba kila siku ya posho siri yake inasimama katikati ya mustari, mbele ya majirani. Ndiyo sababu si vema kusema kwamba watu wa zamani hawakujali mambo ya siri. Walijali sana, ila hawakuulizwa maoni.

Haifai pia kusahau upande mwingine. Watu walizoea kuita kampuni baba na mama, na hawakusema hivyo kwa kuchekesha. Kitabu kilichofungua nyumba ya mutu kwa macho ya karani ndicho kilicholisha watoto wake, kikawasomesha na kuwatibu. Jina likifutwa, bunga inakatika. Musomi Donatien Dibwe dia Mwembu wa Chuo kikuu cha Lubumbashi, aliyekusanya maneno ya familia hizo kwa miaka mingi, alitoa kitabu chake mwaka wa 2001 kwa jina linalosema kwamba wana wa Shaba wameachwa na baba yao. Mutu anaweza kuogopa kitabu na kuogopa zaidi kutokuwamo.

Magazini za wafanyabiashara zilikuwa na desturi nyingine. Wagiriki, Wayahudi waliotoka kisiwa cha Rhodes, Waitalia na wengine walifungua maduka yao katika muji na karibu na cité, na huko mutu mweusi alidharauliwa mara nyingi, akasubiri hadi mwisho. Lakini makuta ya mukononi hayana jina. Mwenye kununua kitenge kwa feza yake hakuulizwa ana watoto wangapi. Aliyeandikwa ni yule aliyekopa tu, naye aliandikwa katika kaye ya deni ambayo mwenye duka aliificha chini ya meza, kwa faida yake mwenyewe zaidi kuliko kwa heshima ya mukopaji. Hata leo katika vibanda vya mitaani kaye ya deni ingalipo, na mama akikuta jina lake limesomwa kwa sauti mbele ya wengine, hapo urafiki unaisha.

Kisha uhuru, Union Minière ilichukuliwa na serikali mwaka wa 1967 na baadaye ikaitwa Gécamines. Mufuko wa bunga wa kila mwezi ukawa sehemu ya hesabu ya nyumba za kambi. Woga mupya ulitoka upande wa benki. Tarehe 25 Desemba 1979, siku ya Noeli, utawala wa Mobutu ulitangaza kwamba noti za zaire 5 na za zaire 10 hazina tena bei. Mipaka ilifungwa, na watu walipewa siku chache tu za kubadili, kwa kiasi chenye kipimo. Mutu aliyeweka makuta chini ya godoro alilazimika kuyaleta mbele ya karani na kuonyesha jumla yake yote. Aliyekuwa mbali na benki, mukulima wa Mitwaba ao muvuvi wa Pweto, alibaki na karatasi. Wengi walijifunza somo moja mwaka ule: makuta yaliyojulikana na ofisi yanaweza kuuawa na ofisi. Tangu hapo dola ilianza kupendwa, na mubadilisha feza anayekaa barabarani akaaminiwa kuliko jengo lenye milango ya kioo. Yeye haulizi jina.

Miaka ya 1992 na 1993 ilifundisha jambo zito zaidi. Watu wenye asili ya Kasai, wengi wao waliozaliwa hapa Katanga na ambao baba na babu zao walijenga kampuni na reli, walifukuzwa katika nyumba na kazi zao. Maelfu walilala katika gare ya Likasi na ya Kolwezi wakingojea treni, na wengi, watoto hasa, walikufa kwa magonjwa na njaa, pale na njiani. Kumutambua mutu hakukuhitaji mashine. Jina lilitosha, matamshi yalitosha, jirani aliyejua alitosha. Kwa familia zilizopita pale, kusema jina lako lote mbele ya watu usiowajua si jambo dogo, na aliyekuwa mutoto siku zile leo ni baba ao mama anayesimama mbele ya kabini.

Baada ya hapo Gécamines ilianguka polepole. Mwaka wa 2003 wafanyakazi wake zaidi ya 10,000 waliondoka kwa mupango uliolipiwa na Benki ya Dunia. Kambini kila mumoja alijua nani amepokea, na wakopeshaji, jamaa na wauza biashara za uongo walijua vilevile.

Simu nayo ilichukua kazi ya benki hapa Congo; mwishoni mwa 2012 Vodacom ilileta M-Pesa. Airtel na Orange nao wana huduma zao. Ilikuwa nafuu kubwa. Lakini kwa njia ya simu makuta yalipata jina tena. Ujumbe wa kuthibitisha unamuonyesha kijana wa kabini jina la mwenye namba. Kaye inaongeza mengine: saa, jumla, namba, na mara nyingine namba ya karte. Yeye ana sababu yake. Mutu akirudi kesho kusema makuta yake yamekwenda kwa namba isiyo yake, kaye ndiyo ushuhuda. Mwizi akipita na simu ya wizi, polisi wanakuja kuuliza kabini kwanza. Bila kaye hana la kujibu.

Karte yenyewe inasema mengi kuliko inavyohitajika. Tangu uandikishaji wa 2005 karte ya uchaguzi ndiyo inayotumiwa kama kitambulisho, maana karte za uraia za zamani zilikwisha kupotea. Juu yake kuna majina yote, mahali na tarehe ya kuzaliwa, asili na adresi. Karte mupya ya uraia ilizinduliwa tarehe 30 Juni 2023, lakini mbele ya kabini watu wanaendelea kutoa ile ya uchaguzi. Mwenye kutosha franga 20,000 za kununua bunga anaonyesha jimbo la babu yake.

Kwa wahami mambo ni magumu mara mbili. Wale waliotoka upande wa Mitwaba na Pweto wakati wa mauaji ya Mai-Mai, kati ya miaka ya 2000 na ya 2010, wengi walifika bila karte. Mashirika ya musaada yaliandika majina yao, yakachukua alama za vidole, na sehemu ya musaada ikaanza kupita kwa makuta badala ya mifuko ya chakula. Walioletwa na vita ya mashariki wana shida nyingine: tangu Januari 2025, M23 ilipoingia Goma na benki zikafunga milango, simu imekuwa njia ya kutuma makuta kwa waliobaki. Hawapendi kutaja kwa sauti wanamutumia nani, wala wapi. Laini ya simu mara nyingi iliandikishwa kwa jina la shemeji ao la jirani, basi jina linalotokea kwenye ujumbe halilingani na la karte, na kijana wa kabini anakataa. Kutoka nje inaonekana kama dharau, lakini kijana naye anaogopa kosa. Mwenye kupoteza karte anaweza kuomba kwenye komini karatasi inayothibitisha kwamba imepotea. Ni safari na ni makuta, ila inafupisha mabishano.

Sheria ipo. Katiba ya 2006, katika kifungu cha 31, inampa kila mutu haki ya kuheshimiwa maisha yake ya ndani na siri ya barua na mawasiliano yake. Sheria ya mambo ya numeriki ya tarehe 13 Machi 2023 inaongeza kanuni juu ya habari za watu: zichukuliwe kwa sababu inayojulikana, zisitumiwe kwa jambo lingine, zilindwe. Mteja anayeuliza "hiyo unamuandikia nani?" anauliza jambo ambalo sheria inamuruhusu kuuliza. Na mutu wa kese ambaye boss wake hakumueleza chochote hana jibu, basi anakasirika naye.

Kabini nyingine zimepata dawa zao bila kungoja mutu wa Kinshasa. Kijana anafunika mistari ya juu kwa kipande cha kartoni, ili mteja wa sasa asisome wa jana. Anamupa mteja simu aandike namba mwenyewe badala ya kuitangaza. Anauliza jumla kwa kuonyesha vidole, ao kwa kusogeza karatasi ndogo. Katika magazini, mutu wa kese anayesema tangu mwanzo kwamba namba ya simu si lazima, kwamba fakitire itatoka bila hiyo, anamaliza kazi yake upesi kuliko anayebishana.

Kaye inapojaa, mwenye kabini ananunua ingine kesho yake. Ile ya zamani inakaa chini ya meza miezi michache, kama mwenye kabini ana akili ya kuitunza. Kisha inakwenda nyumbani kuwashia makala, ao kwa mama muuza karanga, anayekata kurasa zake moja moja na kuzikunja kuwa pembe, majina na namba zikiwa upande wa nje.