Remmy Ongala na Urithi wa Ngoma

Mpiga ngoma amepata daraja mbili zisizolingana katika muziki wa Afrika Mashariki. Katika ngoma za pwani, zile zichezwazo arusini na jandoni tangu Bagamoyo hadi Dimani na vijiji vya delta ya Rufiji, yeye ndiye kiongozi: akibadili mkono, wachezaji hubadili mguu. Muziki wa dansi ulipoingia mijini pamoja na magitaa, aliwekwa nyuma ya jukwaa, na sifa zikawaendea waimbaji. Maisha ya Ramadhani Mtoro Ongala, aliyejulikana kwa jina la Remmy, yanaonyesha kwamba aliyewekwa nyuma aweza kuwa ndiye msingi.

Remmy alizaliwa mwaka 1947 mjini Kindu, mashariki ya Kongo. Baba yake alikuwa mwanamuziki wa jadi, lakini mauti yalimchukua mapema, na mwana hakurithi chombo wala mafunzo kamili, alirithi hamu. Alijifundisha ngoma na gitaa. Katika miaka ya 1960, alipoanza kutafuta riziki katika bendi za mahotelini, alianza kwa kupiga dramu. Gitaa lilifuata baadaye. Aliyeanza hivyo hujua jambo ambalo mwimbaji huchelewa kulijua: kwamba neno lisilokaa katika mapigo halifiki moyoni.

Ukoo ulimwita tena mwaka 1978. Mjomba wake, Mzee Makassy, alikuwa na bendi Dar es Salaam, na Remmy akajiunga nayo. Bendi hiyo ilipohamia Nairobi, yeye alibaki, akaingia Matimila. Zama hizo bendi nyingi za mji huo zilikuwa mali ya mwenye vyombo, awe mfanyabiashara, chama au shirika; mwanamuziki alikuwa kibarua wa ngoma isiyo yake. Ndiyo maana Remmy alipoimba juu ya mnyonge hakuwa akikisia. Mwaka 1988 alizuru Ulaya na tamasha la WOMAD, na mwaka 1989 Uingereza ikatoa santuri yake, Songs for the Poor Man.

Nguvu ya mapigo ilijaribiwa mwaka 1990, kwa wimbo Mambo kwa Soksi, uliowahimiza watu kutumia kondomu ili kujikinga na UKIMWI. Redio ya taifa haikuupiga. Hata hivyo watu waliucheza, na katika kuucheza wakasikia onyo ambalo wengi wasingekubali kulisikia kwa hotuba. Miguu ilitangulia, masikio yakafuata.

Miaka yake ya mwisho aliimba nyimbo za dini, akafariki Dar es Salaam tarehe 13 Desemba 2010. Binti yake Aziza aliifuata njia ya muziki. Hivyo ukoo huu, uliopokea kidogo mkononi mwa marehemu mmoja wa Kindu, umetoa vizazi vitatu vya wanamuziki. Vyombo huazimwa, huuzwa na huvunjika. Mapigo hukaa kwa aliyeyapokea, naye huyatoa bila kupungukiwa.