Sanduku Tunaloliita CPU

Luthuli Avenue hawakuulizi unataka nini. Wanakuuliza una ngapi. Nilikuwa nimesimama mbele ya kaunta yenye upana wa mlango mmoja, kompyuta yangu iko ndani ya gunia, na nikamwambia fundi ukweli: nina elfu 6, nataka pawa saplai yenye nguvu zaidi ili niweze kuweka kadi ya grafiki. Kompyuta yenyewe ilikuwa ex-UK, moja ya zile za ofisi zinazokuja na kontena. Nilikuwa nimeinunua elfu 13 nikajiona mjanja. Nilikuwa nahariri video za harusi na ruracio, wateja wanataka video wiki hiyo hiyo, na mashine ilikuwa inakesha usiku mzima kutoa dakika kumi.

Fundi alifungua kasha, akachungulia ndani, akacheka kidogo. "Boss, hii haitaki wageni." Akanionyesha. Pawa saplai za kawaida zina plagi kubwa ya pini 24. Madabodi yangu ilikuwa na tundu la pini 6. Hata matundu ya skrubu yalikuwa na mpangilio wake. Kampuni iliyoitengeneza ilikuwa imeamua kwamba sehemu za mashine yake zitaongea zenyewe kwa zenyewe tu. Nikafunga gunia, nikapanda matatu, nikarudi nyumbani.

Njiani nilianza kujiuliza swali ambalo sikuwahi kujiuliza. Kwa nini nilitarajia ikubali? Hakuna mtu anayetarajia mlango wa Toyota uingie kwenye Mazda. Lakini kwa kompyuta ya mezani tunatarajia prosesa ya kampuni moja ikae kwenye madabodi ya kampuni ya pili, ipewe umeme na kampuni ya tatu, ndani ya kasha la kampuni ambayo hatujui hata jina lake. Na mara nyingi inawezekana. Kenya sanduku lote hilo tunaliita CPU, kana kwamba ni kitu kimoja, ilhali CPU ni ile prosesa tu, kipande kinachotosha kwenye kiganja. Vingine vyote ni majirani zake. Nilitaka kujua nani aliwapatanisha hao majirani.

Jibu linaanzia Boca Raton, Florida, mwaka 1980, na linaanza na haraka. IBM ilikuwa jitu la kompyuta kubwa, zile zinazojaza chumba, lakini kwenye kompyuta ndogo za mezani Apple na wenzake walikuwa wamewatangulia. Wakubwa wa IBM waliambiwa kwamba wakifuata njia yao ya kawaida, ya kutengeneza kila kitu wenyewe, watachelewa. Kikundi kidogo kikapewa takriban mwaka mmoja, baadaye kikiongozwa na Don Estridge. Kwa mwaka mmoja huwezi kubuni kila kitu. Kwa hivyo wakanunua dukani. Prosesa ilikuwa Intel 8088. Programu endeshi ilitoka Microsoft, kampuni ndogo wakati huo. Visomaji vya diski vilitoka Tandon, printa kwa Epson. Kwenye madabodi wakaacha nafasi 5 za kadi za nyongeza, na wakachapisha kitabu chenye michoro ya saketi, ili watu wengine waweze kutengeneza kadi hizo.

IBM PC ilizinduliwa tarehe 12 Agosti 1981. Ya bei ya chini kabisa iliuzwa dola 1,565, ikiwa na kilobaiti 16 za kumbukumbu na bila kisomaji cha diski. Ilikuwa ghali, lakini ndani yake kulikuwa na jambo ambalo hata walioitengeneza hawakulipima vizuri: karibu kila kipande kingeweza kununuliwa na mtu mwingine yeyote.

Kilichobaki mikononi mwa IBM kilikuwa BIOS, ile programu fupi inayoamsha mashine na kujulisha vipande vyake. Hiyo ilikuwa na hakimiliki. Ukiinakili, unaenda kortini. Ndipo wanaume watatu walioacha kazi Texas Instruments, Rod Canion, Jim Harris na Bill Murto, wakaanzisha Compaq mjini Houston mwaka 1982. Walitumia mbinu ambayo wanasheria waliikubali. Kundi moja lilichunguza BIOS ya IBM na kuandika inafanya nini, bila kuandika inafanyaje. Kundi la pili, la watu ambao hawakuwahi kuona msimbo wa IBM, likachukua maelezo hayo na kuandika BIOS yao tangu mwanzo. Matokeo yalikuwa kompyuta ya kubebwa yenye uzito wa kilo 13 hivi, kama mtungi mdogo wa gesi uliojaa. Ilitangazwa Novemba 1982, na mwaka 1983 kampuni hiyo changa iliuza bidhaa za dola milioni 111.

Compaq haikuwa ya kwanza kuiga IBM, lakini ilionyesha kwamba kuiga kihalali kunalipa. Muda si muda kampuni iitwayo Phoenix ikawa inauza BIOS kwa yeyote anayetaka. Mwaka 1984 kijana mmoja, Michael Dell, alikuwa chumbani kwake Chuo Kikuu cha Texas akiuza kompyuta alizoziongezea vipande. Taiwan nayo, viwanda vikaanza kutoa madabodi kwa wingi: Gigabyte na MSI zilianzishwa 1986, Asus 1989. Majina hayo matatu bado yako kwenye maboksi yaliyopangwa nyuma ya kaunta za Nairobi.

Ningeishia hapo, hadithi ingekuwa tamu: haraka ikafungua mlango, watu wakaingia. Lakini mlango huo ulijaribiwa kufungwa.

Aprili 1987, IBM ilileta kompyuta mpya, PS/2. Ndani yake njia ya kuunganisha kadi za nyongeza ilikuwa imebadilishwa. Ilikuwa nzuri zaidi, wengi walikubali. Lakini kadi za zamani hazikuingia, na aliyetaka kuitumia alitakiwa kulipa IBM ada ya leseni. Jitu lilikuwa limerudi kudai shamba lake. Septemba 1988, kampuni 9 zikiongozwa na Compaq zikatangaza njia yao wenyewe, EISA, ambayo iliendelea kupokea kadi za zamani. Wanunuzi nao hawakuifuata IBM kwa wingi iliotarajia. EISA yenyewe haikudumu sana nje ya mashine kubwa za kazi, lakini hoja yake ilishinda: hakuna kampuni moja itakayoshika ufunguo wa mlango. Mwaka 2005 IBM ilikamilisha kuiuzia Lenovo biashara yake yote ya kompyuta za aina hii, ikatoka kwenye nyumba iliyoijenga.

Nilipofika hapa kwenye kusoma kwangu, nikaangalia lile gunia kwenye kona ya chumba. PS/2 yangu ndogo ilikuwa imekaa humo, na tundu lake la pini 6.

Kuna kipande kingine cha historia ambacho mafundi wa umri mkubwa wanakijua kwa vidole. Kabla ya 1995, pawa saplai ilikuwa inaungwa kwenye madabodi kwa plagi mbili zilizofanana, P8 na P9. Ziliweza kuingia kwa mpangilio sahihi au kinyume. Sheria ilikuwa moja: nyaya nyeusi zikutane katikati. Ukikosea, unawasha na unaunguza bodi. Mwaka 1995 Intel ikatoa kipimo kilichoitwa ATX. Plagi mbili zikawa moja ya pini 20, yenye umbo linaloingia upande mmoja tu. Baadaye pini zikaongezwa zikawa 24. ATX pia ilipanga skrubu zikae wapi na bodi iwe na ukubwa gani. Ndiyo maana kasha la zaidi ya miaka 20 iliyopita bado linaweza kupokea bodi ya leo. Kama kuna karatasi moja inayomlinda mtu mwenye pesa kidogo, ni hiyo.

Na kuna suala la prosesa. IBM haikutaka kutegemea muuzaji mmoja, kwa hivyo Intel ililazimika kuwa na kampuni nyingine inayotengeneza chipu zilezile. Mwaka 1982 Intel ikasaini mkataba na AMD. Baadaye wakagombana, wakapelekana kortini miaka mingi, na 1991 AMD ikatoa chipu yake iliyoshindana na 386 ya Intel. Tangu hapo, yule wa pili anapokuwa na nguvu, sisi wa bei ya chini tunapumua. Mwaka 2017 AMD ilileta Ryzen kwenye soketi iitwayo AM4, na miaka mitano baadaye bado ilikuwa inatoa prosesa mpya za soketi hiyo hiyo. Mwaka huo huo wa 2017, Intel ilitoa prosesa za kizazi cha 8 zenye idadi ileile ya pini kama za nyuma, lakini zikahitaji madabodi mpya.

Hapo ndipo nilipoelewa kosa langu. Niliponunua ile ex-UK, nilinunua kasi: nilitazama prosesa, nikatazama bei, nikalipa. Sikuuliza mashine hii inaongea na nani. Mtu mwenye pesa nyingi anaweza kununua kasi, kwa sababu ikimwishia atanunua mashine nyingine. Sisi wengine tunanunua leo kipande, mwaka ujao kipande. Kinachotufaa zaidi ni mashine itakayokubali kile kipande cha mwaka ujao.

Nairobi tunalijua jambo hili, ila tunalijua barabarani. Matatu ya viti 33 mara nyingi huanza kama chesisi ya lori la Isuzu. Mafundi wa bodi wanaijengea mwili, mwingine anachora, mwingine anafunga spika. Bodi ikichoka, inang'olewa, chesisi inavaa nyingine. Mwenye gari hahesabu rangi kama mali. Anahesabu chesisi.

Basi nikauza ile mashine ya ofisi kwa elfu 10, nikaambatanisha na akiba ya miezi, nikarudi Luthuli na elfu 38. Fundi alikuwa yuleyule. Safari hii nilianza na chesisi. Pawa saplai mpya ya wati 550, elfu 5 na mia 5, kwa sababu hicho ndicho kipande nisingekubali mtumba: kikifa vibaya kinazika na wenzake. Madabodi ya AM4 iliyotumika, elfu 6 na mia 5. Hapo ndipo nikaja kwenye prosesa, Ryzen 5 1600 ya 2017, viini 6, elfu 5. RAM ya gigabaiti 16, vijiti viwili, elfu 5. SSD elfu 3 na mia 5. Kasha kuukuu lenye mkwaruzo ubavuni, elfu 2 na mia 5.

Ikabaki kadi ya grafiki, na hapo historia ikanisaidia tena. Kadi za aina ya RX 570 zilinunuliwa kwa wingi duniani na watu waliochimba sarafu za kidijitali. Septemba 2022 Ethereum ilibadilisha mfumo wake, uchimbaji wa aina hiyo ukaisha, na kadi zikamwagika sokoni kama mitumba baada ya bale kufunguliwa. Yangu ilikuwa elfu 8. Fundi aliiwasha mbele yangu, akaiacha izunguke dakika ishirini huku tukinywa chai ya kibanda, tukisikiliza feni.

"Ilifanya kazi mgodini hii?" nikamuuliza.

"Boss, mimi sijui ilitoka wapi. Najua inaingia."

Jumla elfu 36. Nikamtumia na yake ya kuunganisha kwa M-Pesa.

Siwezi kusema mlango uko wazi milele. Laptopu nyingi za sasa zina RAM iliyochomelewa kwenye bodi: utakachonunua siku ya kwanza ndicho utakachozikwa nacho. Hata kompyuta ndogo za mezani zinaanza kuja hivyo, na sababu zinazotolewa ni zile zile za 1987, kwamba ni bora zaidi, ni za kasi zaidi. Mara nyingine ni kweli. PS/2 pia ilikuwa bora zaidi.

Mwaka uliofuata niliipandisha prosesa ikawa ya mwaka 2020, nikasasisha BIOS kwanza kama fundi alivyonionya, na ile 1600 nikampa mdogo wangu. Ameiweka kwenye bodi aliyoipata kwa rafiki yake, pawa saplai ya mtu mwingine, kasha halina hata kifuniko cha ubavu. Jumamosi iliyopita alinipigia akiwa na wasiwasi: amepata kijiti cha RAM cha bei nzuri, je, kitaingia? Nikamwambia aangalie kama ni DDR4, na mkato wake umekaa wapi. Nikamsikia akiinama. Kimya kidogo. Halafu ule mlio mdogo, tak, wa kijiti kukaa mahali pake.