Una Boti ya Tanga na Unataka Kuingia Mbio za Klabu? Cheki Hizi Vitu Kabla Hujatoka Turbo

Huku kwetu ukisema mbio, kila mtu anafikiria viatu na barabara ya Iten. Ukiongeza kwamba ni mbio za boti, na wewe ni wa Turbo, jipange kuchekwa hadi stage. Lakini Ziwa Victoria si mbali, iwe umepitia Kapsabet ama Kakamega, na Kisumu kuna Kisumu Yacht Club. Huu mchezo pia si wa jana. Mombasa Yacht Club ilianzishwa 1910, na Kenya ilipeleka mabaharia Olimpiki ya Roma 1960. Nairobi wasee walikuwa wanashindana pale Nairobi Dam hadi magugu na maji taka yakamaliza hiyo stori.

Sasa tuseme umepata boti ya mtumba. Mara nyingi itakuwa Laser, ile ya mtu mmoja ambayo siku hizi inaitwa ILCA. Urefu ni mita 4.2 hivi na bodi ni kilo 59, kwa hivyo inabebeka na pickup. Usidhani unaifikisha tu ufuoni na kusukuma ndani.

Makaratasi kwanza, pole

Boti Kenya ziko chini ya Kenya Maritime Authority, KMA, na sheria ya meli ya 2009. Wako na ofisi Kisumu. Muuzaji akikuambia "hii haina shida," peleka kwao ikaguliwe kabla pesa haijatoka mfukoni. Karatasi ya mauziano iwe na jina lako, si la binamu ya mwenye aliuza.

Kisha omba klabu Notisi ya Mbio. Hiyo ndiyo inasema nani anaruhusiwa, boti za aina gani, ada ni ngapi na mwisho wa kujiandikisha ni lini. Soma yote. Klabu nyingi zitataka uwe memba au mgeni wa memba, na uwe na bima ya kulipia hasara ya mtu mwingine. Hapo kwa bima usibane. Ukitoboa boti ya mwenyewe, fibaglasi haitengenezwi na fundi wa mabati.

Boti za aina moja ziko na sheria zao za vipimo, na ni kazi ya mwenye boti kuhakikisha inabaki ndani ya hizo vipimo. Ukibadilisha tanga ama mlingoti na kitu umejishonea, unaweza kutolewa hata kama ulimaliza wa kwanza. Tanga pia linabeba namba, na kwa mashindano ya kimataifa herufi za nchi. Zetu ni KEN.

Hapa ndipo watu hufa

Mbio karibu zote duniani zinatumia kitabu kimoja, Kanuni za Mbio za World Sailing. Kinarekebishwa kila miaka minne na cha sasa ni cha 2025 hadi 2028. Kiko bure kwa mtandao. Kanuni ya kwanza haizungumzii kushinda. Inasema umsaidie mtu yeyote yuko hatarini, na kila boti ibebe vifaa vya kuokoa maisha vya kutosha kila mtu aliye ndani.

Ya 3 ndiyo nataka uisome mara mbili: uamuzi wa kuanza mbio ama kuendelea ni wako mwenyewe. Si wa klabu, wala refa. Upepo ukichafuka na wewe ukasema "wacha nijaribu tu," hakuna mtu wa kulaumu.

Kwa hivyo jaketi la kuelea si la kupigia picha. Lile la newtoni 50 ni la mtu anayejua kuogelea na msaada uko karibu. La newtoni 100 kwenda juu limetengenezwa kukugeuza uso uangalie juu. Kama hujui kuogelea, na tuseme ukweli, wengi wetu wa huku juu hatujui, anza na masomo ya kuogelea. Mbio zitangoja. Kisha livae, funga kila mkanda, mwambie mtu alivute kwa mabega. Likipita masikio, hilo ni la mtu mwingine.

Halafu fanya zoezi la kupinduka. Boti ndogo hupinduka, hiyo si ajali, ni Jumamosi. Ukianguka, usiiache boti hata kama ufuo unaonekana karibu. Zunguka upande wa chini, panda ule ubao unaotoka tumboni, shika ukingo, egemea nyuma na uzito wako wote. Itainuka. Rudia ukiwa na mtu wa kukuangalia mpaka ufanye bila kufikiria.

Siku yenyewe

Mara nyingi mwanzo huhesabiwa hivi: bendera na mlio dakika 5 kabla, tena 4, tena 1, kisha mnatoka. Ukivuka mstari mapema unarudi kuanza upya. Mkikutana na upepo unawapiga pande tofauti, mwenye upepo kutoka kulia ana haki, wa kushoto anampisha. Kama unabeba kanuni moja tu kichwani, beba hiyo.

Boti tofauti zikishindana pamoja, muda unarekebishwa. Mfumo mmoja maarufu ni wa Portsmouth: muda wako mara 1000, gawanya kwa namba ya boti. Laser imekuwa karibu 1100. Ukimaliza kwa dakika 66, unaandikiwa 60. Mwenye boti ya 1000 akimaliza kwa 62 anabaki na 62, na umemshinda akiwa tayari ameshuka anakunywa soda. Hiyo nayo ni tamu.

Lamu ni dunia nyingine. Kule mbio ni za mashua za mbao na tanga moja kubwa la pembetatu, na bila nahodha wa kule usijisumbue.

Ukiwa Kisumu, uliza magugu yako wapi siku hiyo, juu yanashika ubao na usukani na kukusimamisha kabisa. Uliza pia viboko. Na ukishuka maji ya chini pale ufuoni, jua ziwa liko na kichocho. Kausha mwili haraka ukitoka, na ukianza kuwa mtu wa kila wikendi, ingia hospitali upimwe. Kinatibika kwa dawa.

Kama unabeba boti na trela, lazima iwe imesajiliwa NTSA na namba yake. Mlingoti ukitokeza nyuma, funga kitambaa chekundu. Ile barabara yetu ina malori ya kwenda Malaba usiku kucha.