Umma, Mtu Binafsi na Sheria: Funzo la 1983

Mwaka 1983 walanguzi walificha sukari na sabuni huku wananchi wa Tanzania wakipanga foleni. Serikali ikatangaza vita dhidi ya wahujumu uchumi. Bunge likatunga sheria iliyounda baraza maalumu la kusikiliza kesi hizo, bila mtuhumiwa kuruhusiwa wakili. Lengo lilikuwa halali: hakuna haki ya kuwanyonya wenzako. Lakini njia ilikuwa na kasoro, kwani hata asiye na hatia alikosa mtetezi. Mwaka 1984 sheria mpya ikazipeleka kesi hizo Mahakama Kuu, na haki za binadamu zikaingizwa katika Katiba. Ndugu, funzo letu ni hili: umma unaweza kumbana mtu, ila kwa sheria, na baada ya kumsikiliza.